Nyumba Yenye Wenyewe

Tutokapo Ilula na kupita Iringa, tukashika njia ya Mbeya, mwendo wa kama kilomita 50 mbele ya mji twafikia Kisolanza, shamba la walowezi tangu miaka ya 1930. Nyumba ya zamani ingali na wenyewe, jamaa ile ile, nao hupokea wageni. Basi twauliza: mgeni akiisha kunywa chai, yampasa kuuliza ni nani waliozijenga kuta hizi, na kwa ujira gani? Wengine husema ni utovu wa adabu. Sisi twaona sivyo. Gofu halina wa kujibu. Nyumba hii inao. Lakini wajukuu wa vibarua wa mashamba yale tunao papa hapa, wala hatujawauliza.