Huyu Anachungwa na Nani?

Andiko: 1 Timotheo 3:6, Marko 5:18-20, Matendo 9:26-30

Waliokuwa ibada ya kwanza Jumapili iliyopita watakumbuka kwamba nilianza na jambo lililowashtua wazee kidogo: albamu ya rap. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa. Naandika kwa ajili ya waliokosa, na pia kwa sababu saa iliniishia kabla sijafika nilikokuwa nakwenda.

Albamu yenyewe inaitwa Jesus Is King, ya Kanye West, rapa wa Marekani. Ilitoka tarehe 25 Oktoba 2019. Huyu ni mtu ambaye mwaka 2004 alitoa wimbo wenye jina la Yesu ukapigwa kwenye redio za kidunia, halafu mwaka 2013 akatoa albamu akaiita Yeezus, na ndani yake kuna wimbo ambao kichwa chake kinamtangaza yeye kuwa mungu. Sasa Januari 2019 akaanza mikusanyiko ya Jumapili yenye kwaya kubwa, na kufikia Oktoba anasema ameokoka, muziki wa kidunia ameuacha. Nyimbo 11, kama dakika 27 tu, bila tusi hata moja. Kwa Kanye hiyo peke yake ilikuwa habari.

Albamu iliingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard 200, yake ya tisa mfululizo kufanya hivyo. Lakini wahakiki wa muziki hawakupatana. Wengine waliipenda ile kwaya na ile sauti ya injili ya zamani, na kusikia watu kama Fred Hammond ndani ya rap. Wengi walisema kazi haijaiva: nyimbo fupi mno, maneno mepesi, kana kwamba mtu alipakua chakula kabla maji hayajakauka. Kuna wimbo uliotaja mkahawa wa kuku unaofungwa Jumapili, na huo walicheka nao wiki nzima. Mtandao wa Metacritic, ambao hujumlisha alama za wahakiki, uliipa zaidi kidogo ya nusu.

Na sisi watu wa kanisa? Sisi tuligawanyika vibaya zaidi. Kundi moja lilisema huyu anatafuta soko jipya. Kundi lingine likasema huu ni uamsho, Sauli amekuwa Paulo, funga mjadala. Mwenyewe aliliona likija. Kwenye wimbo mmoja analalamika kwamba hukumu itatoka kwa Wakristo kwanza, kisha anaomba aombewe. Wengi tulisikia lile lalamiko tukajibizana nalo. Lile ombi la kuombewa lilipita tu.

Wacha niseme nilikuwa kundi gani. Nilikuwa kiongozi wa vijana, nimemaliza digrii ya biashara, na kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu. Mtu ana mamilioni ya wafuasi, amekuja upande wetu, bure, bila bajeti ya matangazo! Niliandaa Ijumaa ya vijana, nikachapisha flaya zenye jina lake, tukapiga albamu yote kwa spika za kanisa. Vijana walijaa mpaka nje. Nilijisikia nimefanya kazi ya Mungu.

Baada ya hapo Mama mmoja wa maombi, ambaye sasa ametangulia kwa Bwana, aliniita pembeni.

"Mwanangu, huyu kijana wenu anaitwa nani tena?"

"Kanye, Mama."

"Na anachungwa na nani?"

Nikamweleza kwamba ni mtu maarufu dunia nzima, ana ibada yake mwenyewe, ana kwaya ya watu wengi.

"Sijauliza ana waimbaji wangapi. Nimeuliza anachungwa na nani."

Nilimpuuza. Kwa heshima, lakini nilimpuuza.

Novemba hiyo hiyo, wiki tatu na siku chache baada ya albamu kutoka, Kanye alisimama madhabahuni pa kanisa la Lakewood kule Houston, akihojiwa na mchungaji Joel Osteen mbele ya maelfu. Pale alisema kwamba msanii mkuu kuliko wote ambao Mungu amewahi kuumba sasa anamfanyia Mungu kazi. Nilitazama video hiyo kwa simu nikapiga makofi peke yangu chumbani. Leo nikiisikia nasikia kitu kingine kabisa. Paulo anamwonya Timotheo kwamba mwangalizi asiwe mtu aliyeongoka juzi, na sababu anayotoa ni moja tu: kiburi kitamvimbisha na ataanguka pale alipoanguka Ibilisi. Hataji elimu wala kipaji.

Machi 2021 albamu ilipewa tuzo ya Grammy kama albamu bora ya muziki wa Kikristo wa kisasa. Oktoba 2022 alianza kuandika na kusema maneno ya chuki juu ya Wayahudi, watu wa Bwana wetu kwa jinsi ya mwili. Kampuni ya Adidas ilivunja mkataba naye tarehe 25 Oktoba 2022. Angalieni hiyo tarehe. Miaka mitatu kamili tangu albamu itoke, siku ile ile. Desemba akaenda kwenye kipindi cha mtu mwingine akamsifu Hitler. Maneno hayo ni dhambi, hayana maelezo ya kuyapamba, na Mkristo hayatetei kwa sababu aliyeyasema aliwahi kuimba jina la Yesu.

Hapo nilitafuta zile flaya kwenye kompyuta nikazifuta. Nawaambia ukweli, niliona aibu.

Sisemi hakuokoka. Hilo ni la Bwana. Tena mwaka 2018 mwenyewe alisema hadharani kwamba madaktari walimpata na ugonjwa wa bipolar, na hapa niwaombe tuache tabia ya kuita kila ugonjwa wa akili pepo, au kila dhambi ugonjwa. Vyote viwili vipo na mtu mmoja anaweza kuvibeba pamoja. Mtu wa namna hiyo anahitaji nini kwanza, daktari na mchungaji, au maiki? Baadaye nilisoma kwamba mwaka ule wa 2019 kulikuwa na mchungaji wa California aliyekuwa akimfundisha Biblia, kwa hiyo siwezi kusema hakuwa na mtu kabisa. Lakini mtu mmoja na Biblia dhidi ya viwanja vizima vinavyopiga makofi, ni mzigo mzito.

Mhakiki kazi yake ni kupima bidhaa. Albamu inatoka Ijumaa, yeye kesho yake ameshatoa alama, na hana kosa, analipwa kwa hiyo. Sisi tulichukua kazi yake. Tulipima, tukatoa alama, tukabishana kwenye WhatsApp, na mtu alipoanguka tukasema "si tulisema" au tukanyamaza kimya kabisa. Mimi nilikuwa wa kunyamaza.

Sasa kuna aliyeniuliza Jumapili: Pastor, lakini Paulo si alianza kuhubiri mara moja kule Dameski? Ni kweli, Matendo 9:20. Endelea kusoma, usiishie hapo. Alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, hawakuamini. Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume. Kisha ndugu walipoona anatafutwa kuuawa wakamsafirisha kwenda kwao Tarso, na huko Luka hatuambii habari zake mpaka sura ya 11, Barnaba anapokwenda kumtafuta tena na kukaa naye Antiokia mwaka mzima. Mara mbili ni Barnaba. Yerusalemu haikukosa watu wenye maoni juu ya Sauli. Ilikuwa na mtu mmoja aliyekwenda kumshika mkono.

Na ukiangalia Marko 5, yule mtu wa makaburini alipoponywa aliomba kupanda mashua aende na Yesu. Fikirieni ushuhuda ule! Mimi ningempangia ziara ya miji yote ya Galilaya, na mabango. Yesu alikataa. Alimtuma nyumbani kwa watu wake, akawaambie wao. Watu wake ndio waliomjua akipiga kelele usiku na kujikatakata kwa mawe. Hao hudanganyiki nao, na wao hawadanganyiki nawe.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda Jumapili. Mnamjua kijana aliyeokoka hapa mwezi wa pili, aliyekuwa akiimba kwenye vilabu. Jina siandiki, na amenipa ruhusa kusema haya. Ana sauti, ana jina mtaani, na kila wiki napata ujumbe: mbona hamumpi maiki? Mbona timu ya sifa na kuabudu inamweka nyuma? Wengine wamesema wazee wanamwonea wivu, na mmoja ameandika kwamba akienda kanisa lingine ndipo tutajua. Anaweza kwenda. Ameshaalikwa na watatu, mmoja ameahidi bango.

Uamuzi wa wazee unabaki. Mwaka mmoja bila jukwaa. Anapanga viti na vijana wengine Jumamosi, yuko kwenye ushirika wa nyumbani, na Jumatano jioni tunakutana watu watatu: yeye, mimi na Mzee wa ushirika wake, tunasoma na kuulizana maswali magumu. Akikosa Jumatano, Mzee anampigia simu. Tukiona ni lazima aone daktari kwa mambo ya usingizi na zile dawa alizokuwa anameza, tunakwenda naye. Lawama za uamuzi huo zileteni kwangu, si kwake, na tafadhali msimrekodi akiwa anaimba kwenye kiti chake.

Jumatano iliyopita tulikuwa Marko 5. Alisoma mpaka mwisho, akakaa, kisha akauliza kama inatoa picha ya namna yule mtu alivyopokelewa nyumbani. Tukamwambia Marko hasemi, anasema tu watu walistaajabu. Akasema yeye hajafika kwao kwa miaka minne, mama yake hajui hata kwamba ameokoka. Mzee amemlipia nauli. Anasafiri Ijumaa usiku, atakuwa huko Jumapili, kwa hiyo mkiona kiti chake kiko wazi msianze maneno.