Je, Mwenye Mshahara Ana Haki Katika Sanduku la Ada?

 

Imetufikia barua kutoka Kericho, ya ndugu yetu mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa msimamizi katika kiwanda cha chai huko bara. Tumeisoma katika darsa letu mara mbili, na mara zote mbili tuligawanyika. Kwa hivyo tumeona yafaa kuijibu hapa, kwani jambo lenyewe si la mtu mmoja.

Ndugu huyu ana watoto wawili katika skuli ya binafsi ya Kiislamu huku pwani, wanalala huko huko. Ada ni nzito. Aliomba msaada, akaandika mshahara wake wote bila ya kuficha hata senti, akapunguziwa nusu ya ada kutoka katika sanduku la zaka la skuli ile. Baadaye alikuja kujua kwamba mama mmoja mjane, asili yake Mumias, anayechuma chai katika mashamba makubwa ya jirani, alimwombea mwanawe nafasi katika skuli hiyo hiyo, akajibiwa kuwa sanduku limekwisha. Sasa auliza: je, alichokipokea ni halali yake?

Twamshukuru kwa kuuliza. Wapo wengi waliopokea kama yeye na usingizi wao haukupungua.

Wengi wetu wa pwani chai twaijua ndani ya kikombe tu, asubuhi kwa mahamri. Basi na tueleze kidogo. Katika vilima vya Kericho na Bomet kuna watu wa namna tatu wanaoishi kwa jani lile. Wa kwanza ni wachumaji wa mashamba makubwa, wanaolipwa kwa kilo, kikapu mgongoni, na nyumba wanazolala ni za kampuni. Siku kazi inapokwisha na nyumba nayo imekwisha. Wa pili ni wenye vishamba vyao wenyewe, ambao majani yao huenda katika viwanda vya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964, kama vile Litein na Kapkatet upande wa Kericho, na Kapkoros na Mogogosiek upande wa Bomet. Hawa hulipwa kidogo kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka hupata bonasi, na bonasi hiyo ndiyo ada ya skuli, ndiyo bati la nyumba, ndiyo deni la duka. Wa tatu ni watu wa mshahara: makarani, mafundi, wasimamizi na mameneja.

Ukiwatazama kwa jicho la haraka utasema mwenye shamba ni tajiri na mchumaji ni fakiri. Lakini mwaka 2025 wenye mashamba wa Kericho na Bomet walilalamika hadharani kwa udogo wa bonasi yao, wakiilinganisha na ile ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Mtu ana shamba, naye hana ada.

Sheria yetu haikughafilika na mtu huyu. Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 79, watu wenye jahazi wanaofanya kazi baharini wameitwa maskini, hali jahazi ni yao. Kwa aya hii Imamu Shafi'i alionyesha kwamba maskini ni mtu mwenye kitu, ila kitu hicho hakimtoshi. Nasi wa pwani ndio tuliopasa kuifahamu aya hii kabla ya watu wote, kwani tumewaona manahodha wenye chombo chao ambao watoto wao walilala na uji. Kwa hivyo kipimo cha zaka si mshahara wala shamba, bali ni kule kutosheka: je, pato la mtu latosha chakula chake, mavazi yake, makao yake, na wale walio juu yake kwa haki? Mwenye mshahara mkubwa aliyeelemewa na mayatima saba wa nduguye huenda akawa maskini. Na mwenye mshahara mdogo asiye na mzigo huenda akawa ametosheka.

Haya yote yamsaidia ndugu yetu kwa upande mmoja, kwani hatuwezi kumtoa kwa sababu ya mshahara peke yake. Naye ametoa hoja nyingine ambayo hatuipuuzi, ya kwamba huko alipo Waislamu ni wachache na walimu wa dini ni wachache zaidi, na hakuwapeleka wanawe mbali kwa ajili ya fahari, bali kwa kuikhofia dini yao. Hii ni haja ya kweli. Waliosema katika darsa kwamba angewapeleka skuli ya serikali iliyo karibu naye wamesema kitu chepesi, maana wao wana madrasa tatu katika mtaa mmoja.

Lakini ametuandikia pia kwamba ana nyumba ya kazi, ana gari, na analipa kwa awamu kiwanja alichonunua Nyali. Hapa ndipo hoja yake inapozama. Kiwanja si chakula wala si makao ya leo. Ni mali anayojiwekea. Mwenye uwezo wa kununua kiwanja ametosheka, na mtoto wa aliyetosheka ametosheka kwa baba yake, kwa kuwa matumizi ya mtoto yako juu ya baba. Mtume (s.a.w.) alipojiwa na watu wawili wakitaka sehemu ya zaka, aliwatazama juu na chini akawaona wana nguvu, akawajulisha kwamba tajiri hana fungu ndani yake, wala mwenye nguvu za kuchuma.

Na tusimcheke mtu wa Kericho. Ni wangapi kati yetu waliopeleka barua ya kuomba msaada wa ada mwezi wa Januari, na mwezi wa Desemba wamefanya arusi ya siku nne, na ukumbi, na maua? Ada ndiyo inayoonekana nzito. Biriani ya watu mia tano haionekani.

Sasa neno kwa wenye skuli. Yapo masanduku mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Ikiwa skuli yampunguzia mzazi kutoka katika faida yake yenyewe, hiyo ni bei, na muuzaji ana hiari na bei yake. Hata tajiri akipunguziwa, ni halali. Lakini fedha za zaka si za skuli. Ni amana ya watu wanane waliotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na mwalimu mkuu hana ruhusa ya kuwavutia kwa fedha hizo wazazi wenye majina. Na fedha za wakfu zifuate sharti la aliyeziweka. Skuli isiyomwambia mzazi msaada wake umetoka sanduku gani imemwingiza mtu katika haramu naye hajui.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni hili. Hana dhambi kwa alichopokea bila ya kujua, na hakumdanganya mtu. Ila fedha ile si yake, na yampasa airudishe katika sanduku lile la zaka, kidogo kidogo ikiwa hawezi kwa mara moja. Akitaka, aiombe skuli impunguzie kutoka katika faida yake, na wao wakubali au wakatae.

Ama yule mama wa Mumias, hakuandika barua ya pili. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, wametajwa mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Fomu za skuli zetu zimetungwa kwa ajili ya watu wanaojua kuomba: zataka hati ya mshahara, na hati ya benki, na muhuri wa mkubwa wa kazi. Mchumaji anayelipwa kwa kilo atazitoa wapi? Zaidi ya hayo, mashine za kuchumia chai zimepunguza kazi za mikono katika mashamba hayo, na uchungu wake ulionekana mwezi wa Mei 2023, watu walipochoma mashine kadhaa huko Kericho. Mtu aliyepokonywa riziki na mashine yu karibu mno na yule aliyepatwa na msiba uliofagia mali yake, ambaye Mtume (s.a.w.) alimhalalishia kuomba katika hadithi ya Qabisa. Na katika hadithi hiyo hiyo, aliyepatwa na ufukara hakutakiwa hati yo yote. Alitakiwa watu watatu wenye akili, katika jamaa zake, washuhudie hali yake.

Tumewaandikia Waislamu wa msikiti wa Kericho mjini watutafutie watu watatu kama hao wanaomjua mama yule, na tumeiomba skuli iwakubali badala ya hati ya benki. Skuli zafunguliwa mwezi wa Januari. Mtoto ana umri wa miaka kumi na nne, na hivi sasa anachunga ng'ombe wa watu.