Kumtaja Hodari, Kumpa Nyama

"Mwalimu, mtihani haumjui mtu. Hauulizi umetoka wapi." Niliambiwa hivyo mwezi uliopita pale Dongobesh, wilayani Mbulu, na kijana ambaye Serikali ilimlipia chuo hadi senti ya mwisho. Tulikuwa tukimzungumzia binti wa Yaeda Chini aliyemaliza Kidato cha Sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), akapata daraja la pili na kukosa ufadhili. Daraja la pili, kutoka Yaeda Chini! Kwangu hiyo ilikuwa habari ya kuchinjia mbuzi. Kwa yule kijana ilikuwa habari ya mtu aliyekosa asichostahili, akaendelea na chai yake. Sijatulia tangu hapo, na msomaji asitegemee maandishi ya mtu aliyetulia.

Ufadhili wenyewe unajulikana. Samia Scholarship ilianza mwaka wa masomo 2022/2023, ikatengewa shilingi bilioni 3 kwa ajili ya wanafunzi wapatao 640 waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, ili wakasome sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Si mkopo, aliyepewa harudishi kitu. Na kustahili, tukubaliane kama watu wote wanavyokubaliana, ni kupata kinacholingana na kazi uliyoifanya. Sina ugomvi hapo. Ninachouliza ni kama alama zile ni kazi ya nani.

Ni kweli mtihani haumjui mtu. Debe la sokoni nalo halimjui mtu, ndiyo maana tunaliamini. Mimina mahindi ya shamba lililopata mvua, kisha ya shamba lililokauka, debe litasema kweli mara zote mbili. Lakini hakuna mkulima wa Mbulu atakayelitazama debe akajua nani aliamka mapema kwenda shambani. Debe hupima mavuno. Anayetaka limwambie habari za mkulima amelibebesha kazi isiyo yake.

Mfuate mtoto wa bonde la Yaeda. Nyumbani anaongea Kihadzabe, au Kidatoga, au Kiiraqw. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili. Kidato cha Kwanza anakutana na Kiingereza, na kwa Kiingereza hichohicho atafanya mtihani wa biolojia miaka sita baadaye. Mwalimu wa fizikia akihama, kipindi chake kinabaki kwenye ratiba tu. Jaribio la kemia linachorwa ubaoni kwa chaki, mtoto anakariri rangi ambayo hajawahi kuiona ikibadilika. Mwenzake wa Ilboru au Kibaha, shule za vipaji maalumu, ameishika chupa yenyewe mkononi. Wote wawili wanaulizwa ni rangi gani. Na huyo wa Kibaha hakufika Kibaha kwa bahati nasibu: alitangulia kwenye mtihani wa nyuma, akapewa shule bora, shule bora ikamtanguliza tena, akapewa chuo cha bure. Zawadi ya jana ndiyo sifa ya leo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wakubwa wanalijua hili. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne, liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Lakini kama tofauti ya mazingira inatosha kumzuia mtoto asitajwe redioni, imekuwaje isitoshe kutufanya tusite tunapogawa mabilioni kwa kufuata alama zilezile?

Kijana wangu alikuwa na kimbilio la mwisho: bidii. Mazingira magumu, sawa, lakini bidii ni ya mtu mwenyewe, na yeye amemwona mtoto wa kijijini akiongoza. Ah, mtoto huyo! Hakuna mjadala wa haki nchini usioletewa mtoto mmoja aliyesoma kwa koroboi akawa daktari. Kuvuka kwake hakuonyeshi kwamba daraja lipo. Kunaonyesha kwamba yeye anajua kuogelea. Tena bidii yenyewe haioti jangwani. John Rawls aliandika mwaka 1971, katika *A Theory of Justice*, kwamba hata utayari wa kujitahidi hutegemea familia na malezi ambayo mtu hakujichagulia. Mtoto ambaye hajamwona daktari hata mmoja aliyetoka kijijini kwake anaambiwa ajitahidi; ajitahidi kuelekea wapi? Na linaloniuma kuliko yote: mtoto wa koroboi siku zote huletwa barazani na watu waliosomea kwenye umeme.

Wapo wenye hoja za haki zaidi. Nchi inahitaji wahandisi na madaktari wenye vichwa vyepesi, kweli. Fedha ni chache, lazima wengine wakose, kweli. Maskini wana Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kweli pia, ila binti huyu akikopa, siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara, na wa Kibaha hatakatwa.

Nikiwaza habari za kustahili, akili yangu huteremka bondeni Yaeda, kwa wawindaji wa Kihadzabe. Natambua wamechoka kuwa kitabu cha kila mgeni, na sisi Wairaqw ni wageni wa karibu tu, tulioingia na majembe na ng'ombe. Ni mwaka 2011 ndipo walipopata hati ya kimila ya ardhi yao. Hata hivyo siwezi kuacha kuuwaza mchezo wao wa kamari, lukucuko. James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza mwaka 1982 jinsi wanaume wanavyorusha vipande vya magome ya mti, na namna vinavyoanguka ndiyo huamua nani achukue mishale yenye ncha za chuma, visu na viko. Kuna vitu haviwekwi dau mchezoni: upinde, mishale isiyo na ncha ya chuma wala sumu, mkoba wa ngozi. Vingine vyote vinazunguka, na hakuna anayelimbikiza.

Nyama nayo. Mnyama mkubwa akiangushwa, kambi nzima inakula, na aliyemwangusha hapati mamlaka ya kugawa. Si kwamba hodari wa kulenga hajulikani. Kila mtu anamjua. Ila kumjua hodari ni jambo moja, na kumwachia nyama ni jingine. Sisi tumefanya kinyume kabisa: tumeacha kumtaja hodari hadharani, kisha tukampa paja zima.

Tugaweje, basi? Nimewaza kura: tuweke kiwango cha ufaulu, majina ya wote waliokifikia yaingie kwenye kopo. Sijui nitamtazamaje machoni aliyekesha miaka miwili nikamwambia jina lake halikutoka kwenye kopo. Nimewaza mgawo wa maeneo, kama ule wa miaka ya 1970 wa nafasi za sekondari. Najua nafasi ya Mbulu ingechukuliwa na nani: mtoto wa ofisa aliyehamia juzi, mwenye mwalimu wa tuisheni.

Lakini gumu zaidi limetoka kwa binti mwenyewe. Hataki mgawo. Anasema alama zake ni zake, alizitafuta mwenyewe, na hataki kuingia chuoni kama msaada kwa kijiji. Nikishikilia kwamba alama ni kazi ya mikono mingi, namnyang'anya yeye daraja lake la pili kwa hoja ileile ninayomnyang'anyia wa Kibaha daraja lake la kwanza. Nimejaribu kuisimamisha hoja hiyo katikati, imguse mmoja imwache mwingine. Haisimami.