KUZINASA NAFSI ZA WATU KWA ILIMU: JE, NI HALALI?



Mfanya biashara akiisifu bidhaa yake kwa haki, hapana neno. Lakini je, yafaa mtu kuujua udhaifu wa mwenziwe, kisha akaunda chombo cha kumwendesha kwa udhaifu ule pasina yeye kujua? Suala hili latuhusu sote, kwani chombo chenyewe ni simu iliyomo mikononi mwetu usiku na mchana.

Asili yake ni hii. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alikuwa akiwatia njiwa katika visanduku, wakidonoa mahali maalumu wapate punje. Njiwa aliyezoea kupata kila adonoapo, punje zikikatika huacha upesi. Bali aliyezoea kupata mara hii na kukosa mara ile, asijue lini atapata, huendelea kudonoa muda mrefu ijapokuwa hapati kitu. Majaribio haya Skinner na Charles Ferster waliyatolea kitabu mwaka 1957. Mwaka 1998, B. J. Fogg alianzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford maabara ya kuchunguza namna kompyuta ziwezavyo kugeuza fikira na mwendo wa watu. Na mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani kwamba walioiunda walijua wautumia udhaifu wa nafsi ya mwanadamu.

Hatusemi ilimu hii ni haramu. Hapa Kenya, wagonjwa wa UKIMWI waliopelekewa ujumbe wa simu kila wiki walisaidika kushika dawa zao, kama ilivyothibitishwa mwaka 2010. Lakini mgonjwa yule alijua apelekewa nini na kwa nini, na faida ilikuwa yake.

Mizani yetu ni ile ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye chungu ya nafaka. Alitia mkono ndani, vidole vikapata maji. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka ule umaji juu watu wauone, na akajitenga na kila mwenye kughushi.

Basi na tutie mkono ndani ya mchezo wa kamari wa kindege, uliowateka vijana wetu. Juu yake ni picha ya kindege kipaacho, na fedha zapanda pamoja nacho. Chini yake ni punje ya njiwa: mara apata, mara kindege chatoweka na fedha zake, na kulipa tena ni kubonyeza tu. Kamari imekwisha haramishwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, na humo tumeambiwa kuwa Shetani aitumia kutia uadui baina yetu na kutuzuia na Sala. Leo haramu ile imeongezewa ilimu.

Watasema: "Hapana aliyelazimishwa." Twajibu: na mnunuzi wa nafaka mbichi hakulazimishwa, angenunua kwa mkono wake na kwa ridhaa yake. Lakini ridhaa ya mtu aliyefichwa jambo si ridhaa timamu. Hata hivyo, aliyekwisha kuujua umaji hana udhuru tena.

Muadhini atwita mara tano, atwambia atwitia nini, kisha atwachia hiari yetu. Simu yatwita mara mia, wala haisemi yatwitia nini. Basi kijana wetu asomaye ufundi wa kompyuta na ajiulize: "Niliyoyapanga, naweza kumwambia mtumiaji wazi wazi?" Akiona haya kuyasema, na ajue ameghushi. Nasi wazee, tuzizime milio yake japo baina ya Magharibi na Isha, wakati ambao watoto wetu walikuwa wakikaa darsani. Tusiwape simu ili wanyamaze, kisha tukalaumu kwamba hawasikii.

Wabillahi tawfiq.