Majivu yanarudi, moto haurudi

Kwetu Mugunga siku inaanza na moshi. Kabla jua halijapanda, mama anapepea mbabula, makala yanashika, sufuria ya maharagi inawekwa juu. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kwa miaka mingi nilipita kando ya ile mbabula bila kuona kwamba somo langu liko pale pale.

Siku moja tulikuwa ku somo la mnyororo wa chakula. Nilichora ubaoni jani, swala na chui, kama vitabu vinavyotaka. Mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake anauza makala kando ya barabara ya Sake, akasimama: «Mwalimu, chui akikula swala, hakuna mutu anamupeleka ku tribinali. Mama yangu akiuzisha makala ya parki, wanamukamata. Tofauti iko wapi?» Darasa likacheka. Mimi sikucheka, sababu jibu sikuwa nalo. Hapa najaribu kumjibu.

Tuanze na jua. Jani linapokea mwanga, linachukua hewa na maji, linajitengenezea chakula. Viumbe wengine wote, mbuzi, samaki, mutu, tunaishi kwa deni la lile jani. Lakini nguvu ya jua (vitabu vinasema nishati) haipiti yote kutoka kiumbe hadi kiumbe. Mmarekani kijana, Raymond Lindeman, alichunguza ziwa dogo la kwao na kuonyesha namna ya kuhesabu nguvu hiyo ngazi kwa ngazi. Alikufa mwaka 1942, kabla andiko lake halijatoka mwaka ule ule.

Tuchukue mfano wa ziwa letu. Sambaza si mwenyeji wa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Anakula zaidi vijidudu vya majini, navyo vinakula mimea midogo sana inayoelea. Kama ile mimea imeshika nguvu 1.000, vijidudu vitapata karibu 100, sambaza karibu 10, na sisi tunaomla tutapata 1. Ni hesabu ya kukadiria, si ya mzani, lakini inaonyesha njia. Nyingine inaenda wapi? Kiumbe anaitumia kwa kuishi, nayo inatoka kama joto. Weka mkono ku mgongo wa mbuzi, utaisikia. Lile joto linaenda zake angani, na hakuna jani linaloweza kulishika tena likawa chakula.

Sisi wa Mugunga tuko na ushahidi mwingine, mbaya, wa moto ulio ndani ya mwili: mazuku. Mbuzi anashuka ku shimo kutafuta majani, tumbo limejaa, na hapandi tena. Hewa nzito ya volkano imelala mle chini, na moto wa taa ukiushusha unazimika. Chakula alikuwa nacho. Hewa ya kukichomea ndiyo ilikosekana.

Mama zetu walijua upande mmoja wa jambo hili. Maganda ya viazi, majani ya maharagi, samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni, vyote vilipelekwa chini ya migomba nyuma ya nyumba. Ndiyo sababu mgomba wa karibu na nyumba ni mnene kuliko wa mbali. Udongo ulipewa sehemu yake, nao ukarudisha ndizi. Hiyo ni desturi nzuri na tunaiacha vibaya siku hizi, takataka tunazitupa njiani. Lakini kile kinachozunguka ni udongo, chumvi na maji. Majivu yanarudi ku mgomba. Moto uliotoka ku yale makuni haurudi.

Na makuni yenyewe, yalichukua muda gani? Hapa kwetu tunakanyaga mawe ya volkano. Moto wa Nyamulagira uliotiririka kati ya 1938 na 1940 ulifika ziwani karibu na Sake. Nyiragongo nayo ilitiririsha wake mwaka 1977, 2002 na 2021. Jiwe likipoa, wa kwanza kuja ni ule ukoga wa kijivu unaoshika ku mawe. Baadaye majani ya porini kidogo kidogo, yanakufa, mengine yanaota juu yao. Inapita miaka mingi sana kabla ya kupata udongo wa kubeba mti. Kwa hiyo mti mkubwa wa parki ni jua la miaka na miaka lililowekwa akiba. Tunaukata, tunauchoma chini ya udongo ili tupate makala, na katika ile tanuri zaidi ya nusu ya nguvu inapotea mbele hata gunia halijafungwa. Inayobaki inaivisha maharagi ya siku moja.

Mwaka 1994 tuliona jambo hili kwa macho. Makambi ya wakimbizi kutoka Rwanda yalijaa hapa mpaka Novemba 1996, na watu walipika kwa miti ya parki. Parki hiyo iliundwa 1925, na ule mwaka wa 1994 UNESCO iliiandika kati ya urithi ulio hatarini. Baadaye walikuja wakimbizi wetu wenyewe, mara nyingine na nyingine, mpaka makambi yakaondolewa mwanzoni mwa 2025. Nani angemwambia mama aliye chini ya shitingi: acha mti, mtoto ale maharagi mabichi? Mimi, hapana.

Basi tofauti na chui iko wapi? Chui akishiba analala. Alichoacha kinabaki msituni: mifupa, mavi, na siku moja mwili wake mwenyewe. Makala yanatoka msituni moja kwa moja, hata majivu yake hayarudi kule. Tena chui hajui anachofanya. Sisi tunajua. Lakini mama wa mbabula hata akijua, hana moto mwingine. Kwa hiyo lawama haiwezi kusimama ku mbabula peke yake.

Tazama njia ya makala. Kuna mkataji, mbebaji, vikundi vyenye silaha vinavyotoza kodi, mchuuzi mkubwa. Msituni, ngazi ya juu ina wachache na wanaishi kwa shida, sababu nguvu inayowafikia ni kidogo. Ku njia ya makala walio juu ndio wanaonenepa. Julai 2007 sokwe wa milimani walipigwa risasi ndani ya parki, na mauaji yale yalihusishwa na biashara hiyo. Mimi naona yule mama na chui wanafanana kuliko chui na wale matajiri.

Wengine watasema tupande miti, na kweli tangu 2007 WWF imesaidia wakulima kupanda ya makala kwa mradi wa EcoMakala. Watasema umeme, na kweli mtambo wa Matebe, kule Rutshuru, ulifunguliwa 2015. Hata umeme wa maji ni jua, maana jua ndilo lililopandisha yale maji kuwa mvua. Lakini anayenunua makala ya siku moja moja, mashine ya kupikia atainunua na nini?

Haya yote niliyamwambia mwanafunzi wangu kwa masomo mawili. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Sasa mama afanye nini?» Nikamwambia kwamba nyumbani kwangu tunalowesha maharagi tangu jioni, na makala inapungua.

Akanitazama kwa heshima. «Mwalimu, sisi tunafanya vile tangu zamani. Makala iko bei.»