Doti Moja, Watoto Wawili

Mama mwenye mtoto wa miaka miwili na kichanga aliyetimiza arubaini juzi anatafuta kigari cha kuwabeba wote. Bibi, pima njia yako kwanza. Vichochoro vya Mkunazini na Hurumzi, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, vilijengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu. Baraza zimevibana, pikipiki hazina subira, na ngazi za nyumba zetu ni kali. Kigari cha viti sambamba kitakwama. Chagua chembamba, kiti kimoja nyuma ya kingine, kinachokunjika. Jioni kwenye bustani ya Forodhani kitakufaa sana. Lakini asubuhi sokoni Darajani, kiache nyumbani; doti ya kanga ina vipande viwili: kimoja mbeleko ya mdogo, kimoja ujitande. Mkubwa mshike mkono. Nawe kijana unayemkuta mama huyu ngazini, mpokee kikapu.