Mbiu Ipigwayo kwa Siri

Kunadi bidhaa hakukuwa aibu katika miji yetu. Muuza kahawa aligonga vikombe vyake, muuza samaki aliita kwa sauti, na dalali alisimama mnadani akakisifu kitu mpaka kikawa kama hakina aibu hata moja. Ndani ya sifa hizo mlikuwa na uongo, na kila mtu alijua kuwa umo. Lakini uongo ule ulisemwa mchana, mbele za watu, na aliyesimama kando alikuwa na nafasi ya kumshika mnunuzi mkono akamwambia, "Bwana, jahazi hilo lavuja."

Suala tutakalo kulizungumza leo ni hili. Tangazo la biashara likitoka katika hadhara ya watu, likaingia sikioni mwa mtu mmoja tu, kwa maneno yaliyochaguliwa baada ya kuchunguzwa mambo yake ya ndani, je, huko nako ni kunadi? Au ni jambo jingine lililovaa nguo za kunadi?

Yafaa kwanza kujua mambo haya yalivyoanza, maana wengi wetu tumeyakuta yamekwisha kuwa. Tarehe 27 Oktoba, 1994, jarida moja la Marekani liitwalo HotWired lilifungua kurasa zake katika intaneti, na juu ya kurasa hizo likakodisha nafasi kwa makampuni ya biashara. Mojawapo ilichukuliwa na kampuni ya simu ya AT&T. Kilikuwa ni kibao tu, mfano wa vibao vinavyotundikwa juu ya milango ya maduka: kila aliyefungua ukurasa alikiona hicho hicho, tajiri na maskini, mzee na kijana. Inasimuliwa kuwa watu zaidi ya 40 katika kila 100 waliokiona walikibonyeza, kwa ule upya wa jambo. Leo kibao cha namna hiyo kikibonyezwa na mtu mmoja katika 100, mwenyewe hushukuru.

Mwaka ule ule Lou Montulli, aliyekuwa fundi katika kampuni ya Netscape, alibuni kijalada kidogo ambacho Wamarekani wamekipa jina la biskuti. Nia yake ilikuwa njema. Duka la intaneti halikuwa na kumbukumbu. Mteja akitia kitu kapuni kisha akafungua ukurasa mwingine, duka lilikwisha kumsahau. Kijalada kile kiliwekwa katika kompyuta ya mteja ili duka limtambue arudipo, na kikafanywa kwa namna ambayo duka hili halisomi kijalada cha duka lile. Walakini mlango mmoja ulibaki wazi. Mwenye matangazo aliyeweka vibao vyake katika kurasa 1,000 za watu mbalimbali aliweza kusoma kijalada chake mwenyewe katika kila ukurasa, na hivyo akamfuata mtu yule yule kutoka ukurasa wa khabari mpaka wa dawa, na kutoka wa dawa mpaka wa mikopo. Hakupiga hodi, wala mwenye nyumba hakusikia nyayo zake.

Kampuni ya DoubleClick ilistawi kwa mlango huu. Mwaka 1999 iliinunua kampuni ya Abacus Direct, iliyokuwa na majina na anwani za mamilioni ya wanunuzi wa Marekani, ikakusudia kuyaunganisha majina hayo na safari za watu katika intaneti. Watu walipiga kelele, serikali ikaanza uchunguzi, na mwezi wa Machi, 2000, kampuni ikarudi nyuma. Lakini lililokatazwa kwa kelele lilikuja kuruhusiwa kwa mazoea. Mwaka 2007 Google ilitangaza kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na mwaka 2016 masharti ya Google yalibadilishwa, yakawezesha safari zile kuunganishwa na akaunti za watu wenyewe. Safari hii kelele zilikuwa chache. Na la kustaajabisha ni kuwa waasisi wa Google, Sergey Brin na Larry Page, walipokuwa bado wanafunzi mwaka 1998 waliandika kuwa chombo cha kutafutia khabari kikilishwa na matangazo, hakina budi kuegemea upande wa wanaotangaza kuliko upande wa wanaotafuta. Mwaka 2000 wakaanza kuuza matangazo, na hata leo sehemu kubwa ya pato la kampuni hiyo yatoka huko. Akili zao ziliona sawasawa. Tumbo ndilo lililoamua.

Tangu mwaka 2009 hivi umeenea mnada ambao wengi wetu hatujui kuwa tumo ndani yake. Mtu afunguapo ukurasa, kabla ya maandishi kutokea mbele ya macho yake, khabari zake hupelekwa katika soko: simu yake ni ya namna gani, yuko mji gani, wakadiriwa umri gani, amekuwa akitafuta nini. Mitambo ya makampuni hutoa bei, moja ikashinda, na tangazo lake likatokea. Yote hayo hutimia katika muda kama sehemu ya kumi ya sekunde. Katika mnada huo kitu kinachonadiwa si sabuni wala kiatu. Anayenadiwa ni wewe msomaji, au tuseme kwa insafu, ni dakika ya macho yako pamoja na khabari za kuonyesha dakika hiyo ina thamani gani. Twajua kuwa neno la kunadiwa mtu lina historia nzito katika pwani hii, wala hatulitumii kwa kutia chumvi. Hapana aliyefungwa mnyororo. Lakini si jambo dogo kwa mtu kuwa bidhaa katika soko asilojua kuwa liko.

Huenda msomaji akasema: kwani mchuuzi stadi wa zamani hakumjua mteja wake? Muuza nguo alijua nyumba gani ina harusi mwezi ujao, akamwekea mama mwenye nyumba kitambaa kizuri chini ya meza. Ni kweli. Lakini ujuzi ule ulikuwa wa pande mbili. Mteja naye alimjua mwenye duka, na baba yake, na mizani yake. Wakikutana, kila mmoja alikuwa na habari ya mwenziwe, na haya ya ujirani ilikuwa baina yao. Katika biashara hii mpya mmoja anamjua mwenziwe hata saa anayolala, na wa pili hajui hata jina la anayemtazama.

Hujibiwa kuwa mtu amekubali mwenyewe; alipofungua akaunti alibonyeza palipoandikwa "Nakubali." Hapa ndipo penye kiini cha suala. Waliosoma milango ya biashara wanajua kuwa uuzaji hauwi sahihi ila kwa ridhaa, na ridhaa haiwi ridhaa ila kwa kujua: nauza nini, kwa thamani gani, kwa nani. Aliyetia sahihi karatasi ya kurasa nyingi, iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, ili apate tu kumsalimu nduguye aliye Maskati, amejua nini katika hayo matatu? Na tunayo dalili ya nini hutokea mtu anapoulizwa kwa uwazi. Mwezi wa Aprili, 2021, kampuni ya Apple ililazimisha kila programu katika simu zake imwulize mwenye simu kwa swali fupi kama anaridhia kufuatwa katika programu na kurasa za makampuni mengine. Wengi walikataa. Mwezi wa Februari, 2022, kampuni ya Meta, yenye Facebook, ikasema kuwa mageuzi hayo yangeipunguzia kiasi cha dola bilioni 10 kwa mwaka ule mmoja. Hatudai kuwa Apple ilifanya hivyo kwa ajili ya Mungu, maana nayo ina matangazo yake. Lakini ridhaa gani hii, inayotoweka mara tu mwenyewe anapoulizwa?

Na tazama kisa cha Beacon. Mwezi wa Novemba, 2007, Facebook ilianzisha mpango wenye jina hilo, ambao mtu akinunua kitu katika duka jingine la intaneti, khabari zilipelekwa kwa rafiki zake. Mtu mmoja alinunua pete ili amfurahishe mkewe kwa ghafula, na mke akazipata khabari za pete kabla hajapewa pete yenyewe. Malalamiko yakawa mengi, Mark Zuckerberg akaomba radhi mwezi uliofuata, na mwaka 2009 mpango ukafungwa. Beacon ilikufa kwa sababu watu waliiona. Ununuzi wa watu uliendelea kuandikwa na kupelekwa huku na huku. Kilichoondolewa ni kule kuwaonyesha wenyewe.

Baadhi ya ndugu zetu hudhani kuwa dhara la mambo haya ni usumbufu tu, kuwa uliangalia kiatu mara moja na sasa kiatu chakufuata kila uendako. Hilo ni jepesi. Zito ni kuwa jambo likifanywa kwa mtu mmoja mmoja, dhuluma yake haina shahidi. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica wa Marekani walionyesha kuwa mwenye nyumba ya kupangisha aliweza kununua tangazo katika Facebook na kuchagua lisionekane na watu waliohesabiwa kuwa na mwelekeo wa watu weusi. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni, na mwaka 2022 wakapatana kuwa njia zake za kugawa matangazo ya nyumba zibadilishwe. Fikiri juu ya mtu mweusi katika kisa hicho. Babu yake alifukuzwa mlangoni, akajua amefukuzwa, akaweza kwenda kushitaki. Yeye hakufukuzwa. Hakuuona mlango.

Kwetu Kenya tumeonja mambo haya katika siasa. Mwaka 2018, wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica walirekodiwa kwa siri na televisheni ya Uingereza wakijisifu kwa kazi waliyoifanya katika uchaguzi wetu wa 2013 na wa 2017. Inawezekana kuwa walitia chumvi, maana muuza matangazo hujitangaza naye. Lakini linalotuhusu zaidi katika majumba yetu ni kamari na mikopo ya simu. Kijana aliyepoteza shilingi 500 usiku, akatafuta mkopo saa nane, ni bidhaa ya thamani katika soko lile, kwa sababu udhaifu wake waonekana katika nyayo zake. Tangazo la kumwita tena humjia yeye, katika saa zake. Baba yake yuko chumba cha pili na simu yake mkononi, na yeye anaonyeshwa matangazo ya mabati na saruji. Mzee huyu atamkanyaje mwanawe juu ya jambo ambalo halikupita mbele ya macho yake?

Tarehe 29 Aprili, 2025, bodi ya serikali inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Tulifurahi. Lakini bango la barabarani likibaki, kila mpita njia ni shahidi; redio ikitangaza, mji mzima umesikia. Tangazo la simuni likibaki, shahidi wake ni yule yule aliyelengwa, naye ndiye wa mwisho kushitaki.

Hatusemi kuwa matangazo ya intaneti yote ni maovu. Fundi cherehani wa Mji wa Kale kwa shilingi chache aweza kuonyesha kanzu zake kwa watu wa Malindi na Dubai, na zamani asingeweza kulipia hata robo ya ukurasa wa gazeti. Mwanafunzi wa Lamu hupata ramani, kamusi na masomo bila ya kutoa senti. Ni neema, na anayeikana hasemi kweli. Ila hilo neno "bure" lataka kuangaliwa. Mwaka 2018 mzee mmoja wa Baraza la Seneti la Marekani alimwuliza Zuckerberg kampuni yake yaendeshwaje na hali watu hawalipi. Akajibiwa kuwa kwa matangazo. Na fedha za matangazo zatoka wapi ikiwa si katika bei ya sabuni na unga tununuao? Wala fundi yule hahitaji kujua mteja wake anaumwa nini ili amwuzie kanzu. Tangazo laweza kufuata maneno ya ukurasa badala ya kumfuata msomaji: ukurasa wa mavazi ukawekwa kanzu. Ndivyo yalivyokuwa magazeti, nayo hayakufa njaa kwa hilo.

Sheria zimeanza kuamka. Sheria yetu ya kulinda khabari za watu ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya wazi kabla ya khabari za mtu kutumiwa katika biashara. Ulaya imekwenda mbele zaidi: tangu 2023 mitandao mikubwa imelazimishwa kuweka daftari la matangazo yake ambalo ye yote aweza kulifungua, aone nini kilitangazwa, nani alilipa, na kilikusudiwa watu wa namna gani; na imekatazwa kuwalenga watoto kwa kuchunguza mambo yao. Hili la daftari ndilo tuonalo kuwa lenye nguvu zaidi, kwa kuwa linamrudisha dalali mchana. Meta imefungua daftari la namna hiyo kwa nchi nyingine pia, na mtu aliyeko Mombasa aweza kutazama yanayotangazwa Kenya sasa hivi. Lakini kwa matangazo ya kawaida ya biashara, sehemu ya nani alikusudiwa haionyeshwi nje ya Ulaya. Wabunge wetu wa pwani hawajaulizwa kwa nini Mkenya aonyeshwe nusu ya daftari.

Na kabla ya wabunge, kuna jambo liwezekanalo usiku wa leo. Baba na mwana wafungue ukurasa ule ule wa khabari, kila mmoja katika simu yake, waziweke simu mbili kwenye mkeka, na kila mmoja asome kwa sauti matangazo aliyowekewa.